Baada ya poda: nani anawaandaa wafinalisti wetu kwa chuo kikuu?

Kila mwaka, siku ile matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, mtaa wetu haulali. Mesaji inaingia kwenye simu, mama anapiga vigelegele, majirani wanaleta poda na kumwagia kijana kichwani mpaka anageuka mweupe kama mtu aliyelala ndani ya kinu cha unga. Motari wanapita wakipiga honi. Jumapili inayofuata tunawaita wafinalisti wote mbele ya kanisa, kwaya inaimba, na mchungaji anawawekea mikono. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka kumi na mitatu mfululizo, wala sioni haya. Katika nchi ambapo habari njema ni chache, wazazi wana haki ya kufurahi.

Lakini poda inaoshwa siku ileile. Mwezi wa kumi unapofika, vyuo vinapoandikisha wanafunzi, hakuna anayewaita tena mbele. Hatuulizi nani ameingia chuo kikuu, nani amekosa, nani aliingia na akarudi nyumbani kabla ya Pasaka. Wapendwa, ni juu ya hao wa mwisho ninataka tuongee.

Miaka mitatu iliyopita binti mmoja wa kanisa letu alipata 62%. Kwa jamaa yake ilikuwa ajabu: baba ni mlinzi wa usiku, mama anauza ndizi, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kushika diploma ya Serikali. Alitaka kuwa daktari. Alisema hivyo tangu shule ya Jumapili, na sisi sote tulikuwa tukimjibu "Amina". Wazazi wakauza kipande cha shamba kijijini, wakalipa awamu ya kwanza ya minervali katika kitivo cha udaktari cha chuo kimoja cha binafsi. Chuo kilimpokea bila kumwuliza mengi. Mwezi wa pili alirudi na begi lake. Pesa haikurudi, na shamba lina mwenyewe mwingine leo.

Binti yule si mjinga. Alikuwa ametokea opsio ya Pedagojia, ambako kemia na fizikia aliyofundishwa ilikuwa kidogo sana, na katika auditwari alikaa karibu na vijana waliokwisha kula miaka minne ya Biolojia-Kemia. Profesa hakurudi nyuma kwa ajili yake. Kwa nini alichagua Pedagojia? Hakuchagua. Alipomaliza mwaka wa nane, shule iliyokuwa karibu na nyumbani ilikuwa na opsio mbili tu: Pedagojia na ushonaji. Baba yake alinijia jioni moja kuniuliza ipi ni bora. Nikamjibu, "Mwalimu hakosi kazi." Nilijibu kwa sekunde kumi swali lililohitaji mwezi mzima, tena ningekuwa na akili ningemwuliza kwanza mtoto mwenyewe anataka kuwa nani. Nililijua jibu lake. Nilikuwa nikiliitikia "Amina" kila mwaka.

Ndiyo maana ninasema kwamba mlango wa chuo kikuu, kwa watoto wetu, unafungwa mapema kuliko tunavyofikiri. Haufungwi siku ya mtihani. Unafungwa mtoto akiwa na miaka kumi na minne, nyumbani, bila mtu yeyote kusikia mlio wake.

Daktari Denis Mukwege, ambaye wengi wetu tunamjua kama mtoto wa mchungaji wa Bukavu kabla ya kuwa mshindi wa Nobel ya 2018, alimaliza sekondari mwaka 1974 katika Instituti Bwindi, Bukavu, opsio ya Biokemia. Hakuenda moja kwa moja kwenye udaktari. Alipita kwanza miaka miwili katika ufundi kule Kinshasa, ndipo mwaka 1976 akaingia kitivo cha udaktari Burundi. Watu wanapenda kusimulia habari yake kama muujiza, na neema ya Mungu imo kweli. Lakini angalieni pia jambo la kawaida ndani yake: alipobadili njia, msingi wa sekondari ulikuwepo. Kama angetoka shule isiyokuwa na opsio ile, je, Bujumbura ingempokea?

Nirudi kwenye mtihani wenyewe. Tunajua unavyokwenda: kuna sehemu ya kabla, yaani disertasio ya Kifaransa na mtihani wa kusema kwa mdomo, halafu siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Mwenye 50% anapita. Kwa hiyo mwaka mzima wa mwisho unageuka kuwa kazi ya kukariri maitemu ya miaka iliyopita. Fotokopi zinazunguka, wanafunzi wanashika kwamba swali fulani jibu lake ni la tatu, na prefe anahesabu asilimia ya waliopita kusudi aitangaze kwenye redio mwaka utakaofuata. Mashule yetu ya Kiprotestanti nayo yamo katika mashindano haya, tusijifiche. Na ile pesa inayokusanywa kwa wafinalisti "kwa ajili ya mapokezi" ya wasimamizi, sisi wazazi na wachungaji tunaijua vizuri. Tunalipa, tunanyamaza, kisha Jumapili tunaombea mtihani uende kwa haki.

Sasa mtoto aliyeandaliwa hivyo anafika chuo kikuu, na kule wamegeuza mambo. Tokea mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika utaratibu wa LMD. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi; siku hizi lisansi inachukua miaka mitatu na inahesabiwa kwa kredi, 180 kwa jumla. Wengi wamefurahi kwamba miaka imepungua. Wachache wamesoma kilichoandikwa chini yake: ndani ya kila kredi kuna masaa ambayo mwanafunzi anatakiwa kufanya kazi peke yake, bila mwalimu mbele yake. Atafute kitabu, asome, aandike, alete. Mtoto ambaye kwa miaka kumi na miwili amenakili ubaoni hajui hata aanzie wapi. Tulimfundisha kupata jibu la tatu.

Mimi ninaongea kwa kuwa yalinipata. Nilifanya mtihani wa Serikali wakati wa vita ya RCD, nikapita, nikapakwa poda kama wengine. Nilipoingia shule ya theolojia nilikuta mwalimu anaongea Kifaransa bila kusimama, hasemi "andikeni", hasemi "nukta". Wiki ya kwanza daftari langu lilikuwa na theluthi ya somo. Kazi yangu ya kwanza ya kuandika nilirudishiwa ikiwa na mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, kwa sababu nilikuwa nimenakili kurasa mbili za kitabu nikidhani ndiyo kusoma kwenyewe. Mwalimu hakuniita mwizi, ijapokuwa alikuwa na sababu. Aliniuliza tu, "Na wewe unafikiri nini?" Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na ilikuwa mara ya kwanza mtu aniulize swali hilo ndani ya darasa. Nilikaa kimya. Kilichoniokoa ni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliyekubali kukaa nami kila jioni kwa muhula mzima, tukisoma ukurasa mmoja mmoja na kuusema kwa Kiswahili kabla ya kuuandika kwa Kifaransa. Hakuna aliyempangia kazi hiyo. Kama angekuwa na uchumba wakati ule, labda leo mimi si mchungaji.

Suala la lugha ni kubwa kuliko tunavyokubali. Watoto wetu wanaanza shule kwa Kiswahili, wanahamia Kifaransa, na wengi wanafika mwaka wa mwisho hawana lugha wanayoweza kuitumia kusoma kitabu kizima. Nyumbani hakuna kitabu isipokuwa Biblia na kitabu cha nyimbo. Sisemi hivyo kwa dharau. Biblia imewafundisha wengi kusoma vizuri. Lakini kijana ambaye hajawahi kumaliza kitabu kimoja cha Kifaransa kabla ya chuo, tunamtuma vitani bila viatu.

Mwaka huu jambo hili limezidi uzito, na wachache wameliona. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwezi wa tisa 2019; Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuahidi hivyo. Tunakumbuka vyumba vilivyojaa watoto mia na zaidi. Wale waliokuwa mwaka wa sita wakati ule, wengi wao wangeacha shule kama ada ingebaki, ndio wafinalisti wa 2026 kama hawakurudia mwaka. Hao ni mbele tu ya msafara. Walioingia mwaka wa kwanza Septemba 2019 watafika kwenye mtihani wa Serikali 2031. Wanakuja kutoka nyumba ambazo hakuna aliyefika sekondari, tena wamesoma katika madarasa yaliyobanana. Sekondari haikuwa bure. Chuo kikuu hakitakuwa bure. Tumefungua mlango wa chini na kuacha ule wa juu vilevile.

Na huku kwetu Mashariki kuna vita. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na mzazi aliyekuwa na dola mia mbili kwenye akaunti kwa ajili ya minervali akabaki kuziangalia kwenye kikaratasi. Barabara zimekatwa. Kijana wa Masisi aliyetaka kusoma Butembo, au wa Uvira aliyejiandikisha Bukavu, hahesabu nauli peke yake; anahesabu vizuizi. Mashule mengi yaligeuka makao ya wakimbizi, madawati yakawa kuni. Sitaki kusema mengi kuliko hapo, kwa sababu wasomaji wa maandiko haya wako pande zote mbili, na kila mmoja ana watoto. Ninasema tu kwamba mtoto aliyepoteza miezi minne ya masomo na bado akapata diploma yake ana diploma sawa na wengine, na hana masomo sawa na wengine. Chuo hakitaiona miezi ile kwenye palmare. Kitaiona kwenye mtihani wake wa kwanza.

Mabinti, niseme wazi, wanaumia zaidi. Ada inapotosha mtoto mmoja, anatumwa mvulana. Na msichana anapotumwa mjini kusoma, swali la kwanza ni atalala kwa nani. Nimeona wasichana wawili wakiacha masomo si kwa kukosa minervali bali kwa yale yaliyowapata katika nyumba walizopokelewa. Mwenye masikio asikie. Kanisa lenye wamama wanane wajane wenye vyumba vitupu mjini haliwezi kusema halina la kufanya.

Kuna misaada, ni kweli. Mfuko wa Excellentia, ulioanzishwa na shirika la mke wa Rais mwaka 2019, unachukua wale wenye asilimia za juu kabisa katika nchi nzima. Ni jambo jema, lakini ni kwa wa kwanza wa kwanza. Binti mwenye 62% hayumo, na kanisa zetu zimejaa watu wa 55 na 62. Wamishonari na marafiki wa ng'ambo waliokuwa wakituma pesa za masomo wamepungua, na walio baki wanaulizia ripoti ambazo hatuzitumi. Tusiwalaumu.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi Waprotestanti tumejenga chini na juu. Chini tuna mashule: yalichukuliwa na Serikali 1974, yakarudishwa kwetu kwa Mapatano ya 26 Februari 1977, na tangu hapo tunayaongoza chini ya masharti ya Serikali. Juu tuna vyuo. Wazee wetu walianzisha Universite Libre du Congo kule Stanleyville, leo Kisangani, mwaka 1963, wakati Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Kikamezwa na UNAZA mwaka 1971. Hawakukata tamaa. Goma wakaanzisha ULPGL mwaka 1985, Bukavu UEA mwaka 1991. Shule ya theolojia ya Bunia, iliyozaliwa 1961, ikawa Universite Shalom mwaka 2007, na mwaka huohuo UCBC ikafungua milango Beni. Hesabu hiyo si ndogo kwa watu wa vita. Lakini kati ya shule yetu ya mwaka wa sita na chuo chetu cha mwaka wa kwanza hakuna ngazi. Prefe wetu hamjui mkuu wa kitivo chetu. Wako chini ya Jumuiya moja, pengine wamekaa benchi moja kwenye sinodi, na hawajawahi kuulizana: watoto unaoniletea wanakosa nini?

Swali hilo halihitaji mfadhili. Kitivo kina matokeo ya mwaka wa kwanza. Kinaweza kuandikia kila shule barua moja kwa mwaka: mliotuletea walikuwa wangapi, wangapi wamevuka, wengine wameangukia somo gani. Prefe akiisoma barua hiyo mbele ya wazazi, ile asilimia ya redio itapungua utamu.

Juu ya pesa, niweke hesabu mezani. Kanisa la watu 300, kila mmoja akitoa faranga 1.000 kwa mwezi, linapata faranga 3.600.000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya dola elfu moja. Inaweza kulipa mwaka wa kwanza wa wanafunzi wawili katika vyuo vingi vya huku kwetu, na kubakiza kidogo kwa silabusi. Wamama wetu wanafanya likelemba tangu zamani. Wanajua kutunza daftari kuliko mashemasi. Nasi tulijaribu. Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Mwaka wa pili aliyepewa alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, aliyekuwa na uwezo wa kumlipia, na waliotoa wakaacha kutoa. Nilikuwemo katika kikao kile na sikusema kitu. Ilituchukua miaka miwili kuanza tena. Safari hii wanaochagua ni wamama watatu na mwalimu mmoja asiye wa kanisa letu, jina la mtoto halionyeshwi mpaka mwisho, na mtoto wa mchungaji hagombei. Mke wangu alinung'unika kidogo, maana tuna wawili sekondari.

Lakini pesa bila maandalizi ni kuuza shamba mara ya pili. Ndiyo sababu tumeanza na watoto wa mwaka wa nane, kabla ya wafinalisti. Kila mwezi wa tano, kabla opsio haijachaguliwa, tunaita mzazi na mtoto pamoja, siku moja isiyo Jumapili, na tunakaa nao jamaa moja moja. Tunawauliza mtoto anataka kazi gani, kazi hiyo inaingiliwa na opsio ipi, ni shule gani inayo, ni mbali kiasi gani, na kama ni mbali, ni nani katika kanisa anayekaa karibu nayo. Mwaka jana watoto wanne walibadili shule. Mmoja baba yake alikataa, na ni haki yake. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi tumehubiri neno hilo juu ya wokovu mara nyingi, na ni mara chache tumelitumia juu ya mtoto wa miaka kumi na minne.

Kwa wafinalisti tuna Jumamosi. Wanafunzi wetu wawili walio chuoni wanakuja, wanasoma silabusi ya mwaka wa kwanza kwa kasi ile ya profesa, na watoto wanaandika. Mara ya kwanza walicheka, kisha waliangalia madaftari yao wakanyamaza. Halafu kila mmoja anasoma kurasa kumi za kitabu kwa wiki na kusimama kueleza kilichosemwa, na yeye anafikiri nini. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wanasema, "Mchungaji, jibu ni lipi?" Danieli na wenzake walipewa miaka mitatu ya kujifunza maandiko na lugha ya Wakaldayo kabla ya kusimama mbele ya mfalme, na walikuwa wametoka jamaa za wakuu, si kambini. Sisi tunawapa wetu masaa matatu kwa wiki, na tunaona ni mengi.

Yule binti wa 62% anakuja Jumamosi hizo. Anauza mayuniti ya simu mbele ya soko, lakini anafunga mapema na kuja kuwasimamia watoto wa mwaka wa nane, ambao anawaambia habari yake bila kuficha. Bado anasema anataka udaktari. Mwalimu wa kemia wa shule ya jirani amekubali kumfundisha bure siku mbili kwa wiki, kusudi ajaribu mtihani wa kuingia mwezi wa kumi. Kwa likelemba jina lake limo pamoja na mengine kumi na moja. Nafasi ni mbili.